German Shepherd wa Dar asinyolewe, abadilishiwe banda

Kaskazi ikishaanza na Dar es Salaam kuwa haikaliki kwa joto, huwaona German Shepherd walionyolewa mpaka ngozi inaonekana. Wenyewe wamewanyoa kwa huruma, sina shaka. Hata hivyo naomba waache.

Manyoya ya mbwa huyu yana matabaka mawili: chini laini yaliyosongamana, juu marefu na magumu kidogo. Ya juu huzuia jua lisiichome ngozi. Tena mbwa hapoi kwa jasho kama sisi; tezi zake za jasho ni chache na ziko kwenye nyayo. Hupoa kwa kuhema ulimi nje, mate yakikauka yanaondoka na joto. Kumnyoa hakumsaidii kuhema. Kunamwacha wazi kwa jua la saa saba, na kuna mbwa ambao manyoya yao hukawia miezi mingi kurudi, au huota mabakamabaka.

Pwani tuna shida zaidi, kwa sababu hewa yetu imejaa unyevu. Mate hayakauki upesi, mbwa anahema na nafuu haioni. Halafu mbwa wa ulinzi tunamfungia mchana kutwa kwenye banda la bati lisilo na dirisha, hadi usiku afunguliwe! Bati hilo ndilo linalomtesa. Pesa ya kumnyoa nunulia makuti uezeke juu yake, toboa kuta pande mbili upepo upite, weka maji yasiyopata jua. Mchane mara kwa mara manyoya yaliyokufa yatoke, hewa ifike kwenye ngozi.

Poodle na Shih Tzu ni habari nyingine, manyoya yao hayakomi kukua, lazima yapunguzwe. Vilevile mbwa ambaye manyoya yamesokotana hadi chanuo halipiti, au mwenye kidonda cha kutibiwa, anyolewe hapo panapohitajika. Kupe wasiwe kisingizio; dawa zao zipo kwa daktari wa mifugo.

Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 maisha yake yako hatarini. Ukimkuta anahema bila kutulia, fizi nyekundu, mate mazito, miguu inayumba, mpeleke kivulini penye upepo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na umwahishe kwa daktari hata akionekana amepata nafuu.