Neno 'kukalafati' na mkono usiowahi kukalafati

Ufukweni Bagamoyo, jahazi linapovutwa mchangani kwa matengenezo, utamkuta fundi amechuchumaa chini yake akisindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao ili maji yasipenye. Ndiyo kukalafati. Mimi neno hilo nalijua vizuri, ila kazi yenyewe sijawahi kuifanya. Je, ninachoelewa mimi ndicho anachoelewa fundi?

Wapo wanaosema hapana. Mwaka 2004 Olaf Hauk, Ingrid Johnsrude na Friedemann Pulvermüller walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakisoma kimyakimya vitenzi kama kulamba, kuokota na kupiga teke. Hakuna aliyejongeza kiungo, lakini kila aina ya neno iliamsha eneo la ubongo linaloendesha ulimi, kidole au mguu, au jirani yake. Mwaka 2008 Sian Beilock na wenzake wakaonyesha kwamba wachezaji wa hoki ya barafu huelewa sentensi za mchezo huo wakisaidiwa na sehemu za ubongo zinazopanga mwendo wa mwili. Kwa hoja hiyo, fundi ananizidi hata kwenye kulielewa neno.

Hoja inavutia, lakini mimi siimezi nzima. Ukitajiwa embe bichi la chumvi na pilipili, mate yanajaa mdomoni. Mate hayo hayakukufundisha maana ya embe. Yamekuja kwa sababu umeshaelewa. Bradford Mahon na Alfonso Caramazza waliibana nadharia hii mahali hapohapo mwaka 2008: eneo la ubongo linaloendesha mkono kuwaka hakuthibitishi kwamba bila hilo maana ingepotea. Kinachonishawishi zaidi ni tafiti za Marina Bedny kwa watu wasioona tangu kuzaliwa. Wanatofautisha vyema vitenzi kama kuchungulia na kukodoa macho, ingawa hawajawahi kuona chochote. Wameyapata hayo kwa kusikia watu wakizungumza.

Hata hivyo, upande wa kwanza una jibu. Pulvermüller na wenzake walipochochea kwa sumaku eneo la ubongo linaloendesha mkono au mguu, mwaka 2005, kasi ya watu kutambua maneno ya viungo hivyo ilibadilika. Mate, yanayokuja baada ya kuelewa, hayawezi kufanya hivyo. Basi mwili unachangia kitu, japo kuchangia si kubeba mzigo wote.

Kiswahili chenyewe kinatatiza mambo zaidi. Tunakula ugali, tunakula kiapo, tunakula njama. Sioni mdomo unahusika nini na njama, na tafiti za nahau katika lugha nyingine zimetoa majibu yanayopingana. Ningependa vitenzi vyetu vipimwe hapa pwani, kwa mafundi na kwa sisi wapita njia. Kwa sasa naamini hivi: neno nimelipata kwa watu, kama wasioona walivyolipata kuchungulia, na linanitosha kuzungumza na fundi. Lakini akisema "hapa bado hapajashiba," ananielekeza kwenye ufa ambao mimi naona umejaa pamba.