Kuzungumzia Michoro kwa Kiingereza: Vivumishi Visubiri

Uliza popote mtandaoni msamiati wa Kiingereza wa kuzungumzia michoro, utaletewa orodha. Na orodha zote zinafanana: "beautiful", "stunning", "breathtaking", "vibrant". Zikiisha hizo yanafuata majina ya kutisha wanafunzi, "Cubism", "Surrealism", "Abstract Expressionism". Mtu anakariri, anaridhika, kisha anasimamishwa mbele ya picha na kuulizwa anaona nini. Anajibu kwamba ni "stunning". Na ya pili je? Nayo ni "stunning". Maongezi yamekwisha kabla hayajaanza.

Mimi nasema vivumishi vya kusifu na majina ya mikondo ya sanaa vingefundishwa mwisho kabisa. Vya kwanza ni vile vijineno ambavyo kila mtu anadhani alishavimaliza shule ya msingi: "left", "right", "in", "on", "behind", "towards". Baada ya hapo, vitenzi. Anayeweza kusema mwanga unatokea wapi na unaangukia nini tayari anayaongoza macho ya msikilizaji. Anayesema "stunning" ametupa habari za moyo wake tu, picha yenyewe hajaigusa.

Chukua "The Milkmaid" ya Johannes Vermeer, iliyochorwa karibu na mwaka 1658 na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Ni picha ndogo, sentimita 45.5 kwa 41, na jumba hilo limeiweka kwenye intaneti kwa ubora unaokuruhusu kuikuza mpaka uone vidoa vya rangi juu ya mkate. Mwanamke anamimina maziwa: "A woman is pouring milk from a jug into a bowl." Tazama kazi inayofanywa na "from" na "into". Ziondoe, na maziwa hayana yanakotoka wala yanakokwenda. Tazama pia wakati wa kitenzi. Vermeer alifariki mwaka 1675, lakini maziwa bado yanamiminika, kwa hiyo ni "is pouring". Wakati uliopita tunamwachia mchoraji na historia yake: "Vermeer painted it".

Dirisha liko "on the left". Kushoto kwa nani? Kwako wewe unayetazama. Mwanamke mwenyewe ametuelekea, kwa hiyo dirisha hilohilo kwake liko mkono wa kulia, "on her right". Inaonekana jambo dogo mpaka umsikie mtu akieleza picha yenye watu kumi na wawili bila kuamua anatumia kushoto kwa nani.

Nyuma yake kuna ukuta mtupu. Mtupu kwa haraka tu, maana ukiukazia macho unaona msumari umechomoza juu, na kivuli chake chembamba chini yake. Msumari huo uko "in the painting". Ufa wa rangi iliyozeeka uko "on the painting". Sisi tuna "kwenye picha" kwa vyote viwili, ndiyo maana tunateleza hapa mara kwa mara. Kilichochorwa kiko "in". Kilicho juu ya kitambaa au ubao wenyewe kiko "on". Ukishalizoea hilo, unapata kitu kikubwa kuliko sarufi: unaanza kuuona mchoro kuwa mambo mawili kwa wakati mmoja, chumba unachokichungulia na kitambaa kilichopakwa rangi. Wahakiki wa sanaa hutumia muda wao mwingi wakienda na kurudi kati ya hayo mawili.

Upande wa kitambaa una vitenzi vyake: "dab" (kugusisha rangi kwa vidoa), "smear" (kupakaza), "scrape" (kukwangua), "blend" (kuchanganya). Vile vidoa vya mwanga juu ya mkate wa Vermeer ni "dabs". Katika "The Starry Night" ya Vincent van Gogh, ya mwaka 1889, rangi imepakwa nzito mpaka imetuna. Wataalamu huita "impasto", lakini ukisema "the paint is so thick that it stands up from the canvas", hakuna atakayekuomba istilahi.

Kuna mtego mwingine unaotungoja sisi hasa. "Picha" kwetu inabeba ya kamera, ya penseli, ya brashi na hata ya televisheni, na "kuchora" kunafanywa kwa chochote kinachoacha alama. Kiingereza hakikubali. Ya penseli ni "drawing", na kitenzi chake ni "draw". Ya brashi na rangi ni "painting", na kitenzi ni "paint". Ukisema "he drew this painting", unaeleweka, ila unasikika kama hujaitazama. Halafu kuna "print", inayowatelezesha hata Waingereza wenyewe. Lile wimbi kubwa la Hokusai, msanii wa Kijapani, la miaka ya mwanzo ya 1830, huitwa "painting" kila siku, na si "painting". Ni "woodblock print": mbao zilichongwa, zikapakwa wino, zikagandamizwa kwenye karatasi, na nakala zikatoka kwa wingi. Ndiyo maana majumba mengi ya makumbusho yanaweza kuwa nayo kwa wakati mmoja bila yeyote kudanganya.

Lakini kama ningeruhusiwa kufundisha kitu kimoja tu, ningefundisha kibao cha maelezo kilicho ukutani kando ya picha. "Oil on canvas", rangi ya mafuta juu ya turubai. "Oil on panel", juu ya ubao; Mona Lisa, kwa mfano, imechorwa kwenye ubao wa mti aina ya mpopla. Ile "c." mbele ya mwaka maana yake ni "takriban". Hayo ni mepesi. Kazi iko kwenye neno linalotangulia jina la mchoraji. "By" ni mkono wake. "Attributed to" ni kwamba wataalamu wanaelekea kukubali kuwa ni wake. "Workshop of" ni karakana yake, pengine wanafunzi wake. "Follower of" ni mtu aliyemwiga. "After" ndiyo inayowapoteza wengi, kwa kuwa tuliambiwa ni "baada ya". Kwenye kibao, "after Titian" maana yake ni nakala ya kazi ya Titian iliyofanywa na mtu mwingine.

Vijineno hivyo vina bei. Mwaka 1958 picha iitwayo "Salvator Mundi" iliuzwa mnadani London kwa pauni 45, bila kuhesabiwa kuwa ya Leonardo da Vinci. Mwaka 2017 ileile iliuzwa New York ikiwa na jina la Leonardo, kwa zaidi ya dola milioni 450. Katikati ilisafishwa na kukarabatiwa, ni kweli, lakini tofauti kubwa ni jina, na hadi leo wapo wataalamu wasiolikubali.

Kuhusu majina ya mbinu za uchoraji kama "chiaroscuro", "sfumato", "fresco" na wenzao, sina mengi. Ni maneno ya Kitaliano, Waingereza wenyewe wameyaazima, na irabu zake zinakaa vizuri mdomoni mwetu kuliko mwao. Majina ya mikondo nayo yana vituko vyake ("Impressionism" lilianza kwa kejeli ya mwandishi mmoja wa gazeti mjini Paris mwaka 1874), ila ukiyajua bila kujua kutazama, utakuwa unasoma lebo tu.

Kujadili ni kazi tofauti na kueleza. Hapa nawaazima Abigail Housen na Philip Yenawine, waliotengeneza njia ya kufundisha utazamaji kwa maswali matatu. La kwanza linauliza kinachoendelea kwenye picha, la tatu linauliza nini zaidi kinapatikana, na la katikati ndilo lenye meno: "What do you see that makes you say that?" Mtu akisema mkulima aliye mbele katika "Landscape with the Fall of Icarus" ni mtu asiyejali, muulize hivyo. Atalazimika kurudi kwenye picha: mkulima ameinamisha kichwa, anafuata jembe lake, na kule "in the bottom right-hand corner" miguu miwili inazama majini, ya Ikaro, kijana wa ngano za Kigiriki aliyeanguka kutoka angani. Sasa anaweza kusema "he doesn't seem to notice". Hiyo "seem" ni ya lazima, kwa sababu kutojali na kutoona si kitu kimoja, na picha haituambii ni kipi. "Appears to", "might", "suggests": hizi zinakuruhusu kutoa maoni bila kuapa. Na kama hukubaliani, "I read it differently" inafungua mlango ambao "you are wrong" ingeubamiza.

Jifunze pia kusema hukuipenda. Wanafunzi wengi hawana hata sentensi moja ya hilo, eti picha ikishatundikwa ukutani kwa heshima zote ni lazima isifiwe. "It leaves me cold" inatosha, mradi uwe tayari kujibu lile swali la katikati.

Kile Kiingereza cha matangazo ya maonyesho, ambako kila kazi "explores", "interrogates" na "challenges notions of" kitu fulani, kipite tu. Wapo waliokipachika jina la kejeli, "International Art English", na wazawa wa lugha hiyo nao hukisoma mara mbili wasiambulie kitu. Ukikikuta ukutani, soma mstari unaotaja jina, mwaka na rangi iliyotumika, kisha geukia picha.