Sumu za Mazingira Wakati wa Ujauzito na Usonji: Ushahidi Unafika Wapi?

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walieleza kwamba wanawake walioishi karibu na mashamba yaliyopuliziwa viuatilifu vya kundi la organofosfeti walipokuwa wajawazito walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 60, wa kupata mtoto mwenye usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano na watu. Tarakimu hiyo inatisha, na huenda ndiyo maana husambaa haraka kuliko maelezo yake. Haina maana kwamba watoto 60 kati ya 100 watapata usonji: ikiwa kwa kawaida ni mtoto mmoja katika kila 100, ongezeko hilo halifikishi hata wawili.

Nguvu na udhaifu wa utafiti huo vina chanzo kimoja. Sheria za California huwalazimu wakulima kutoa taarifa za viuatilifu wanavyotumia, kwa hiyo watafiti waliweza kuoanisha anwani za kina mama na kumbukumbu za upuliziaji bila kumtegemea mtu akumbuke mambo ya miaka iliyopita. Hata hivyo, anwani haisemi upepo ulivuma kuelekea wapi siku ile, wala kama mama alikuwa shambani au alishinda ndani. Tena wanaoishi kando ya mashamba huweza kutofautiana na wengine kwa kipato, lishe na huduma za afya.

Ushahidi wa hewa chafu, kwa maoni yangu, una uzito zaidi. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wauguzi wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta uhusiano kati ya chembechembe laini za hewani na usonji katika kipindi cha ujauzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, lakini haukuukuta katika miezi iliyotangulia mimba wala iliyofuata kujifungua. Kama kisababishi kingekuwa umaskini wa mtaa tu, ni vigumu kueleza kwa nini kingechagua miezi.

Wenye shaka nao hawazungumzi hewani. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha watoto zaidi ya milioni mbili katika nchi tano ulikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti za uwezekano wa usonji hutokana na urithi, ingawa hesabu hiyo haizuii vinasaba vyenyewe kuamua mwili unaihimili vipi sumu. Onyo kali zaidi limetoka Uswidi mwaka 2024: uhusiano mdogo ulioonekana kati ya matumizi ya dawa ya parasetamoli wakati wa ujauzito na usonji ulitoweka watoto wa mama mmoja, ambao hushiriki sehemu kubwa ya urithi na malezi, walipolinganishwa wao kwa wao. Tafiti nyingi za viuatilifu hazijapitishwa katika chujio hilo.

Kwa hiyo ushahidi uliopo haumruhusu mtu kumwambia mama kwamba usonji wa mwanawe ulitokana na hewa aliyoivuta, hewa ambayo wala hakuichagua. Kuidhibiti sumu ni suala lingine. Umoja wa Ulaya ulipokataa kuendelea kuidhinisha klopirifosi, kiuatilifu cha kundi la organofosfeti, mwaka 2020, ulitosheka na wasiwasi kwamba huenda kikadhuru vinasaba na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Haukusubiri usonji uthibitishwe kwanza.