Mshenga wa Mwisho wa Reli

Jamani, mpwa wako akikuambia "mjomba, nimepata mchumba", usikimbilie kutoa kifua. Uliza kwanza: wa wapi? Mimi sikuuliza. Nikasema alhamdulilahi, mshenga ni mimi, nani mwingine! Akilini mwangu nilijua ni Mbagala, ukizidi sana Chanika.

Kumbe Ujiji, kule Kigoma.

Kutoka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Ina maana Temeke nzima, Ilala nzima, Kinondoni nzima hakuona mtu, akaenda kumpenda binti ambaye ukipita tu nyumba yao hatua chache unatumbukia ziwani. Na yeye mwenye mapenzi kabaki Dar, ati kazini hawamruhusu. Mapenzi yake, safari yangu.

Basi, alfajiri nikawa Mbezi na barua ya posa imefungwa ndani ya leso, pamoja na pesa zake, nimeichomeka mfuko wa ndani wa shati. Konda kaniapia kwamba kiti changu kinalala. Hakusema uongo, kililala kweli. Tatizo hakikuamka. Kuanzia Dodoma natazama dari la basi kama maiti inayosubiri kuoshwa, na kiti cha mbele nacho kimelala kifuani kwangu. Mkono wangu haukutoka juu ya ile leso hata dakika moja, mpaka jirani akanong'ona, "Mzee, una shida ya moyo?" Nikamwambia moyo si wangu, ni wa mpwa wangu.

Maeneo ya Itigi konda akapiga kelele, "Kuchimba dawa, dakika tano!" Vile vichaka vya Itigi mnavijua? Vimeshikana miiba kwa miiba, mbuzi mwenyewe anaomba njia. Vijana wanarukaruka wanapotelea ndani, mimi na goti langu ndiyo kwanza nimepata pa kusimama, honi inalia. Nimepanda basi na mwiba kwenye suruali, na sitaki kusema sehemu gani. Tabora nimepita, siwezi kuieleza. Uvinza nakumbuka giza. Daraja la Malagarasi nimehadithiwa ni zuri.

Siku ya pili tukaingia Kigoma. Hapa watu husema mwisho wa reli, maana reli ilifika mwaka 1914 ikakuta maji, ikasimama. Mimi naongeza: ni mwisho wa kiuno changu pia. Kuna meli pale inaitwa Liemba, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, ikarudi kazini. Imelala miaka chini ya ziwa, lakini naapa ilitoka imenyooka kuliko nilivyoshuka mimi kwenye lile basi.

Halafu watu wanamsifia Stanley! Kweli mwaka 1871 alitembea miezi kutoka pwani mpaka hapohapo Ujiji kumtafuta Livingstone. Lakini alipofika alimkuta Mzungu mmoja tu mjini, hakuwa na shida ya kubahatisha wa kumsalimia. Mimi pale stendi nimepokelewa na bodaboda kama thelathini, kila mmoja kashika pembe ya begi langu, kila mmoja ananiita baba yake.

Kwa wakwe wamenipokea vizuri, sisemi uongo. Maji ya kuoga ya moto, mkeka, shikamoo kila kona. Jikoni harufu ya mgebuka ndani ya mawese inanipigia simu. Wakasema tutakula baada ya magharibi. Sawa. Nikaangalia saa: kumi na mbili na nusu. Dar muda huo watu wameshaswali na wanatafuna. Hapa jua liko palepale, linanitazama! Saa ni ileile ya Dar, lakini jua la Kigoma linachelewa zaidi ya nusu saa, na hakuna aliyenionya. Njaa yangu ilikuwa bado inafuata majira ya Mbagala.

Hatimaye nimekula, nimejilamba vidole, nimetoa leso kwa mikono miwili. Mzee wa nyumba kaipokea, kaiangalia, kanirudishia.

"Mshenga, umefika, tumekuheshimu. Lakini sisi ni Wamanyema, asili yetu ng'ambo. Mwenye kauli juu ya binti ni baba yake mkubwa."

Nikauliza kwa adabu zote, yuko chumba gani?

Mzee kanyoosha kidole kuelekea ziwani, kule gizani iliko milima ya Kongo.

"Kalemie. Si mbali. Unapanda boti tu."

Nikameza mate. Nikauliza swali moja: viti vya hiyo boti vinalala?