Dardanus wa Pwani abaki Pwani

Ukimjua dume tu wa Papilio dardanus, bado hujamjua kipepeo huyu. Dume karibu kila mahali ni yuleyule: mabawa ya rangi ya malai, ukingo mweusi, mkia kwenye kila bawa la nyuma. Vituko vyote viko kwa jike. Sehemu kubwa ya bara la Afrika hana mkia wala rangi ya dume, bali amevaa sura ya kipepeo mwingine mwenye sumu ili ndege wasimguse. Wataalamu wa zamani waliwaandika majike hao kama spishi mbalimbali, mpaka Roland Trimen wa Afrika Kusini alipoonyesha mwaka 1869 kwamba wote ni wake wa dume mmoja.

Wanaofuga vipepeo kwa biashara, wakiuza pupa au kuwaachia vipepeo harusini, wanalijua hilo. Wanachokichukulia kwa wepesi mno, kwa maoni yangu, ni kwamba sura hizo zina makwao, na kipepeo wa msitu mmoja hafai kuachiwa kwingine.

Mfano mzuri ni kipepeo mwenye sumu Amauris niavius, mweusi na mweupe, ambaye ndege humkwepa. Afrika Magharibi doa jeupe la bawa lake la nyuma ni dogo. Upande wa mashariki ni pana zaidi. Jike wa dardanus anamfuata hatua kwa hatua: kule magharibi ana doa dogo na huitwa hippocoon, huku kwetu ana doa pana na huitwa hippocoonides. Uganda utamkuta pia jike wa sura iitwayo planemoides. Afrika Kusini kumejaa jike wa sura ya cenea, mwenye madoa madogo na bawa la nyuma la rangi ya haradali. Madagaska na Ngazidja hakuna kuiga kabisa: jike ni wa manjano na ana mkia kama mumewe. Ethiopia wengi wako hivyo pia, ila wachache wanaoiga wamebaki na mikia ambayo wale wanaoigwa hawana.

Sasa changanya mbegu uone. Watafiti Clarke na Sheppard wa Liverpool, Uingereza, walifanya hivyo miaka ya 1950 na 1960. Ndani ya eneo moja, jeni ya sura moja huitawala ya nyingine, na binti hutoka na sura safi. Wazazi wakitoka maeneo ya mbali, utawala huo hulegea na mabinti huwa chotara, hawafanani na baba wala na yeyote mwenye sumu. Hata bila mkono wa mtu, uigaji hulegea pale wanaoigwa wanapokuwa haba: katika hesabu alizozichapisha mwanajenetiki Mwingereza E. B. Ford mwaka 1936, waigaji wasiokamilika walikuwa asilimia 4 Entebbe, lakini Nairobi walifika asilimia 32.

Kuna anayedhani kuachia madume tu hakuna hatari. Si kweli. Dume hubeba jeni zilezile za sura, ila hazionekani kwake. Huyo ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu ukimtazama huwezi kujua ametoka wapi.

Kwa hiyo jike wa mbegu atoke msitu uleule ulio jirani na banda lako. Umkague kwanza, maana ni rahisi kumfungia Amauris ukangoja mayai bure. Hesabu miguu: dardanus husimama kwa sita, Amauris kwa minne, ile ya mbele imedumaa. Kisha tazama kichwa na kifua. Amauris ana vitone vyeupe vinavyoonekana wazi.

Mfungie kwa chandarua kwenye mche wa Clausena, Vepris au Teclea, jamaa za mchungwa. Mchungwa wenyewe unafaa, mradi haujapigwa dawa. Yai hutagwa mojamoja. Kiwavi mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, baadaye huwa kijani, na akiguswa hutoa pembe laini yenye harufu kali nyuma ya kichwa. Usiwarundike: msongamano na unyevu huleta ugonjwa unaowageuza uji mweusi kwa siku chache. Siafu na nyigu wa vimelea hupita kwenye tundu lolote la chandarua. Na ukizalisha ndugu kwa ndugu vizazi vingi, mayai yataanza kukataa kuanguliwa. Hapo leta jike mpya, wa msitu huohuo.

Pupa hukaa takriban wiki mbili tu, kwa hiyo lazima isafirishwe ingali changa, ndani ya pamba, isicheze. Kwenye boksi andika jina la msitu pamoja na la spishi. Msitu wa Arabuko-Sokoke, Pwani ya Kenya, na ule wa Usambara Mashariki, Tanzania, si shamba moja. Zikibaki pupa zisizo na mnunuzi, wakitoka waachie ukingoni mwa msitu walikotoka mama zao, si kwenye bustani ya harusi Limuru, mbali na Pwani. Kama huwezi kuwarudisha, wamalizie maisha bandani.