Ubingwa wa DTM 2021 Ulikuwa wa Kubebwa

Mbio za mwisho za DTM, mashindano ya magari ya Ujerumani, msimu wa 2021 bado zinanikera, na kila zikitajwa naona lawama zote anatupiwa mtu mmoja, dereva Kelvin van der Linde. Kosa lake liko wazi. Tarehe 10 Oktoba, pale Norisring mjini Nuremberg, Liam Lawson aliamka akiongoza msimamo. Norisring ni barabara fupi ya mitaani, kama kilomita 2.3 hivi, na mara tu baada ya kuanza madereva hukanyaga breki kwa nguvu zote kuingia kona kali inayowageuza karibu walikotoka. Van der Linde alichelewa kukanyaga, akajipenyeza kwa ndani na kuigonga Ferrari ya Lawson. Kijana wa miaka 19, msimu wake wa kwanza katika DTM, akabaki anaburuza gari bovu huku wenzake wakiyoyoma.

Iliuma sana. Ila Van der Linde naye alikuwa anawania ubingwa uleule, na kona ya kwanza ya siku ya mwisho huwa na presha yake. Siitetei ajali ile, lakini naielewa. Nisichokikubali ni kilichofuata.

Mwishoni mwa mbio Mercedes tatu zilikuwa mbele: Lucas Auer, Philip Ellis, kisha Maximilian Götz. Sasa piga hesabu. Msimu ule mshindi alipata pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15. Götz alimaliza msimu na pointi 230, Lawson 227. Yaani hata nafasi ya pili isingemtosha Götz, alihitaji ushindi wenyewe. Basi amri ikaja kwenye redio, Ellis akapisha, na Auer aliyekuwa anaongoza akapisha pia. Götz bingwa!

Kuna jambo wengi wanalipita hapa. Götz alikuwa dereva wa timu ya HRT. Auer na Ellis walikuwa wa Winward, timu nyingine kabisa. Na huo ndio msimu ambao DTM ilihamia magari ya GT3, yaani magari ya mbio yanayouzwa kwa timu binafsi, na timu hizo zikashika nafasi iliyokuwa ya viwanda vya magari kwa miaka mingi. Kumbe nembo ya gari ilikuwa bado na nguvu kuliko jina la timu. Kwenye soka, timu ikimwachia mpinzani ashinde ili atwae kombe, tunasema imeuza mechi.

Wanaomtetea Götz husema sheria haikukataza. Ni kweli, na yeye binafsi simlaumu, maana dereva akipishwa hasimami. Nawalaumu waandaaji. Mwaka 2015, kwenye Red Bull Ring nchini Austria, bosi wa michezo wa Audi, Wolfgang Ullrich, alisikika redioni akimwagiza dereva wake Timo Scheider amsukume mpinzani nje, na Mercedes mbili zikatoka. Audi ikatozwa faini ya euro 200,000. Baada ya aibu ile, redio zilipaswa kudhibitiwa mapema, si kungoja Lawson aporwe ndipo marufuku ya amri za timu ije msimu wa 2022.

Hata marufuku hiyo naiona haitoshi, kwa sababu dereva anaweza kuachia mafuta kidogo kwenye kona akadai amekosea. Waamuzi wapewe mamlaka ya kufuta pointi zilizopatikana kwa kupishwa, hata kama bingwa ameshanyanyua kombe.