Wajumbe wa Kawe, wapiga kura wa Minneapolis

Kila nikisema kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba kura za maoni za Minnesota zinanipendeza kuliko za kwetu, kuna mtu ananijibu kuwa nimelewa theluji. Basi leo niandike kwa kirefu. Na nitangulize hoja ya wapinzani wangu, maana nayo ina ukweli: huku pesa zinamwagwa kuliko Dodoma, huku watu wanatukanana mpaka kwenye vipeperushi vinavyoingizwa kwenye sanduku lako la barua, na huku pia wengi hawaendi kupiga kura. Yote hayo nayajua, na bado nasimama pale pale.

Mimi naishi Brooklyn Center, kaskazini mwa Minneapolis, na nabeba boksi kama wengine. Tuko ndani ya Jimbo la 5 la Bunge la Marekani. Tangu 1963 kiti hiki hakijatoka mikononi mwa chama kimoja, kile ambacho hapa Minnesota wanakiita DFL, yaani Democrat waliooana na chama cha wakulima na wafanyakazi mwaka 1944. Mrepublican akisimama Novemba anasimama kwa heshima tu. Kwa hiyo mbunge wetu anapatikana Agosti, siku ya mchujo, yaani kura za maoni za vyama, na Novemba ni kupiga muhuri. Mtanzania hahitaji kuelezwa hali hiyo mara mbili.

Mchujo ulionifungua macho ni ule wa Agosti 9, 2022. Ilhan Omar, mbunge aliyepo, msichana wa Kisomali aliyekulia miaka minne kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa kabla ya kuletwa Marekani mwaka 1995, alipambana na Don Samuels, mzaliwa wa Jamaika, aliyewahi kuwa diwani wa Minneapolis. Wahamiaji wawili wanagombea kiti cha Washington! Na hawakugombana kuhusu nani alizaliwa wapi. Waligombana kuhusu polisi. George Floyd alikuwa ameuawa Mei 2020 katika jiji hilo hilo, na mwaka uliofuata wakazi walipigia kura pendekezo la kuivunja idara ya polisi na kuweka idara nyingine mahali pake. Omar aliliunga mkono. Samuels alilipinga hadi mahakamani. Pendekezo likaanguka, na Samuels akaona mlango umefunguka.

Matokeo: Omar kura 57,683, Samuels 55,217. Tofauti haifiki elfu mbili na mia tano. Mbunge maarufu duniani kote, anayetajwa na marais, amenusurika kwa kura zinazoweza kuenea kwenye mitaa michache ya Tegeta. Samuels alirudi tena 2024, safari hii Omar akashinda kwa asilimia 56 dhidi ya karibu 43. Unajua Omar alifanya nini katikati ya chaguzi hizo mbili? Aliutafuta mchujo wa pili kwa bidii ambayo hakuwa nayo kwenye ule wa kwanza, maana alikwisha kuiona sura ya kushindwa. Mbunge aliyeogopeshwa na wapiga kura wake ni mbunge mzuri zaidi. Hii ni imani yangu, si takwimu.

Sasa njoo tuingie chumba cha kupigia kura, maana hapo ndipo wenzangu wananiona mwongo. Huulizwi kadi ya chama. Minnesota hakuna kitu kama kujiandikisha kuwa mwanachama wa chama fulani kwa ajili ya mchujo. Unapewa karatasi moja yenye safu za vyama, unachagua safu moja na kubaki humo humo. Ukiruka kutoka chama hiki kwenda kile, karatasi imeharibika, na mashine inairudisha ujaze nyingine. Unapaka wino kwenye kiduara, unaisukuma karatasi mwenyewe ndani ya mashine, unapewa kistika chekundu cha kusema umepiga kura. Kama hukujiandikisha mapema, unajiandikisha pale pale. Na kama huna karatasi ya kuthibitisha unakoishi, jirani aliyeandikishwa katika kituo hicho anaweza kula kiapo na kusema: huyu namjua, anakaa pale. Anaruhusiwa kuwatolea kiapo watu wasiozidi wanane. Nimemwona mama mmoja wa Kiliberia akiwapanga vijana watatu nyuma yake kama mwalimu wa zamu, anasaini kwa ajili ya mmoja, anamsukuma begani, "next". Msimamizi, bibi mwenye miwani ya kamba, hakunyanyua hata nyusi. Ndivyo sheria inavyosema, basi.

Na mwajiri wako haruhusiwi kukukata mshahara kwa muda uliokwenda kupiga kura. Meneja wangu mmoja wa zamani aliuma meno aliposikia hivyo, ila akaniruhusu.

Sasa Kawe.

Jimbo la Kawe, jijini Dar es Salaam, ni jimbo langu la kuzaliwa, kwa hiyo nalitazama kwa jicho la mwenye nyumba. Mwaka 2020, CCM ilipiga kura za maoni kwa wajumbe, yaani wawakilishi wachache wa chama jimboni, si kwa wanachama wote. Watia nia Kawe walijaa mpaka mtu akawa anauliza nani amebaki kuwa mpiga kura. Kura zikahesabiwa hadharani, jambo jema: Furaha Dominic 101, Angela Kiziga 85, Askofu Josephat Gwajima 79. Nani akapelekwa kugombea? Wa tatu. Vikao vya juu vya chama vilikaa, vikatazama, vikaamua. Gwajima akamshinda Halima Mdee wa Chadema, na mwaka ule Chadema ilitoka na jimbo moja tu la uchaguzi nchi nzima. Sina ugomvi na askofu. Aliteuliwa, akagombea, akaenda. Swali langu ni dogo: wale wajumbe 101 waliitwa ukumbini siku ile kufanya nini?

Ndipo msemo wa "wajumbe si watu wazuri" ukasambaa nchi nzima, tukaucheka mpaka tukachoka. Watia nia walioahidiwa kura mia wakapata mbili, na moja ni ya kwao wenyewe. Lakini msemo ule uliwabebesha wajumbe dhambi isiyo yao peke yao. Mjumbe alimdanganya mtia nia, sawa. Chama kilimdanganya mjumbe.

Shangazi yangu ni mjumbe, jimbo silitaji kwa sababu anaishi pale na mimi napapenda. Siku moja tukiongea kwa simu nikamuuliza, shikamoo shangazi, eti mwaka ule mlikula sana? Akacheka. Akaniambia mtia nia mmoja alileta mchele, mwingine kanga, wa tatu alikuwa mjanja, alituma "nauli" kwenye simu saa nne usiku. Uliwapigia wote? Hapana mwanangu, nilimpigia yule aliyenikuta nafua, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akanisikiliza habari ya kisima. Je, alishinda? Alikuwa wa kwanza. Je, ndiye mbunge? Shangazi akahamisha mazungumzo, akaniuliza nitakuja lini.

Nimesema huku pesa zinamwagwa, nisije nikaonekana nimeficha. Mwaka 2020 aliyemkabili Omar kwenye mchujo, wakili Antone Melton-Meaux, alichangiwa zaidi ya dola milioni nne, na nyingi zilitoka nje ya Minnesota. Mwaka 2024, wabunge wawili wenzake Omar, Jamaal Bowman wa New York na Cori Bush wa Missouri, waliangushwa kwenye michujo baada ya kamati moja yenye uhusiano na AIPAC, kundi la kuitetea Israel, kumwaga mamilioni kwa matangazo. Matangazo yale yanaingia mpaka kwenye video ya mtoto anayetazama katuni. Nikiwaambia wenzangu hili wanapiga makofi: umeona! Naam, nimeona. Lakini nimeona pia kwamba ninaweza kufungua kompyuta na kusoma jina la kila aliyempa mgombea zaidi ya dola 200, kazi anayofanya na mji anakoishi. Na kamati ile kubwa, ikishamwaga mamilioni yake, bado inasubiri saa mbili usiku vituo vifungwe kama sisi. Haina kikao cha kukaa kesho yake na kusema wa tatu ndiye wa kwanza. Kwetu tuliwahi kuuhalalisha mchele wa shangazi kwa sheria, tukauita takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoufuta mwaka 2006. Baada ya hapo mchele haukuisha, ulianza kupikwa usiku.

Jambo la fomu linanichekesha. Kuchukua fomu ya ubunge ndani ya CCM mwaka 2025 ilikuwa shilingi 500,000, ambazo hazifiki dola 200. Kugombea mchujo wa Bunge la Marekani hapa Minnesota ni dola 300, au ulete sahihi za watu elfu moja. Kwa hiyo kwetu ni nafuu zaidi! Ila ukilipa ile ya huku, jina lako limeingia kwenye karatasi ya kura na hakuna mwenyekiti wa kulitoa. Ile ya kwetu inakununulia nafasi ya kukatwa. Mwaka huo huo wengi walikatwa kabla hata wajumbe hawajawaona.

Huku nako kuna wajumbe, msidhani hawapo. DFL hufanya mikutano yake, wajumbe wanakaa siku nzima kwenye ukumbi wa shule wakila piza baridi, na anayefikisha asilimia 60 anapata baraka za chama. Vituko vipo. Mei 2023 mkutano wa kata ya 10 ya Minneapolis ulivunjika kwa vurugu, watu wakapanda jukwaani, nikasema leo niko nyumbani. Na mwaka 2025 Omar Fateh, seneta katika bunge la Minnesota mwenye asili ya Somalia, alipewa baraka za DFL kugombea umeya wa Minneapolis, na mwezi uliofuata uongozi wa chama ngazi ya Minnesota nzima ukazifuta, ukisema kura za elektroniki mkutanoni zilikuwa na kasoro. Kukatwa jina kwa Kiingereza! Kundi la WhatsApp lilinishukia siku ile, "haya sasa, tuambie." Nikawaambia: wamemnyang'anya baraka, jina je? Jina lilibaki kwenye karatasi, Novemba akagombea, akashindwa na Jacob Frey kwa kura za wakazi. Ukikasirikiwa na chama hapa unapoteza vipeperushi na orodha ya simu. Kwetu unapoteza kugombea kwenyewe, kwa sababu Katiba yetu haimjui mgombea asiye na chama. Mchungaji Mtikila alilipigania hilo mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, na mwaka 2013 mahakama ikasema alikuwa na haki. Mtikila amefariki, hukumu ipo, mgombea binafsi hayupo.

Ndiyo maana mbunge wa kwetu akiwa bungeni anaangalia juu. Akifukuzwa chamani amepoteza na kiti. Atamwogopaje mama anayefua?

Rafiki yangu mmoja, Mnyamwezi wa St. Paul, ana hoja ambayo sijaipatia jibu la kuniridhisha. Anasema jimbo lenu lina watu zaidi ya laki saba na mchujo wa 2022 uliamuliwa na kama laki moja na elfu kumi na nne. Agosti wazungu wako kwenye vibanda vyao maziwani, wahamiaji wako zamu. Je, hiyo ni demokrasia au ni wajumbe wengi zaidi? Namjibu kwamba waliobaki nyumbani walibaki kwa hiari, mlango ulikuwa wazi. Ananiambia mwenye kazi mbili hana hiari. Hapo huwa tunaagiza chai nyingine.

Na kuna gharama yangu mwenyewe. Ili niruhusiwe kujaza kile kiduara niliapa uraia wa Marekani, na Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo siku ile ile kura yangu ya Kawe ikafa. Hiyo hadhi maalumu ya sisi wa ughaibuni haina kura ndani yake. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nyumbani, nilikaa na simu isiyoita, sina pa kupigia wala cha kupigia. Kwa hiyo atakayeniambia sina haki ya kuyasema haya, kisheria ana hoja.

Bado nitayasema. Mwaka 2015 CCM iliwahi kuwapigisha kura wanachama wote, siyo wajumbe tu. Ilikuwa ghasia, kadi zilizagaa, majimbo kadhaa yakarudia. Wakubwa wakaona dawa ni kupunguza wapiga kura. Mimi naona ghasia ile ilikuwa ya kujifunza, na ingefikia mchujo wa tatu au wa nne ingetulia. Wala siombi wafungue mlango kwa wakazi wote kama Minnesota. Hilo najua nitaambiwa tena habari ya theluji. Naomba mstari mmoja kwenye sheria: aliyeongoza kura za maoni ndiye jina linalopelekwa Tume ya Uchaguzi, na mwenye malalamiko aende mahakamani, siyo kwenye kikao. Mchele wa usiku tutaushughulikia baadaye.